Moyo Waliosema Hauugui

Tarehe 29 Juni 1969 serikali ya Algeria ilitangaza kifo cha Moïse Tshombe. Alikuwa na miaka 49. Miaka miwili nyuma, ndege aliyopanda kutoka Ibiza ilitekwa angani na kuelekezwa Algeria, na tangu siku hiyo mtu aliyekuwa rais wa Katanga iliyojitenga, kisha waziri mkuu wa Kongo nzima, aliishi chini ya ulinzi hadi mwisho wake. Madaktari wa Algeria na wa Ufaransa walitia sahihi karatasi: moyo. Huku kwetu Lualaba, sehemu ya Katanga ya zamani, wapo ambao hawakuikubali karatasi ile, na hawakukosa sababu, maana huyu alikuwa amekwisha kuhukumiwa kifo Kinshasa bila kuwapo mahakamani. Kesi hiyo siifungui. Kinachonivuta ni kwamba, siasa ukiziweka kando, mwaka ule hata daktari angeweza kuushangaa moyo huo kwa sababu za kidaktari tupu.

Kusema moyo umesimama si kutaja ugonjwa. Kila anayekufa moyo wake husimama. Daktari huuliza umesimamishwa na nini: msuli uliochoka, vali iliyoharibika, presha ya miaka mingi, au mshipa mwembamba unaoulisha moyo wenyewe kwa damu, ukazibwa na mafuta yaliyojijenga ndani ya ukuta wake? Hilo la mwisho ndilo linalohusu kolesteroli. Na madaktari wengi waliofanya kazi Afrika ya kati na ya mashariki wakati huo walikuwa na jibu jepesi: kwa mtu mweusi, hilo la mwisho lifute. Waliamini moyo wa Mwafrika hauzibi. Imani hiyo ina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita katika nchi hii ya shaba, Katanga.

Tshombe alizaliwa Musumba tarehe 10 Novemba 1919, kwenye makao ya Mwaant Yaav, mfalme wa Walunda, upande wa Kapanga, kaskazini-magharibi mwa mkoa ambao leo unaitwa Lualaba. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri. Miaka mitano kabla ya mtoto huyo kuzaliwa, mwaka 1914, daktari Mmarekani wa kanisa la Methodisti, Arthur Piper, alikuwa amefika Kapanga, akatumia huko sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Adui zake walijulikana: malaria, malale, ukoma, buba, kuhara damu, uzazi ulioharibika njiani. Hayo ndiyo yaliyojaza zahanati, na ndiyo yaliyomaliza watu. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo au wa mahindi, majani ya muhogo, karanga, samaki wa mtoni, viwavi katika msimu wao, nyama ya porini pale mwindaji alipobahatika. Mwendo ulikuwa wa miguu. Mwenye maisha ya namna hiyo hapati nafasi ya kuziba mishipa ya moyo, na hata akiipata, homa humwahi kabla hajafika umri wa kuonyesha.

Neno umri tulishike, maana waliokuja kupima damu za Waafrika walilipita mara nyingi mno.

Kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906. Katika miongo yake ya kwanza iliwatoa watu mbali kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa kambini kwa nimonia na magonjwa ya tumbo. Mnamo 1928 kampuni ilibadili njia: mfanyakazi aje na mke, akae miaka mitatu au zaidi, apewe nyumba, watoto wasome na watibiwe. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuja kuongoza idara ya wafanyakazi weusi, ndiye aliyeipa siasa hiyo sura yake. Kila wiki familia zilipanga mstari wa mposho: unga, maharage, karanga, nyama au samaki wakavu, chumvi, na mafuta ya mawese yaliyoletwa kutoka mikoa ya michikichi. Mji wa Kolwezi ulipoanzishwa mwaka 1937, mpango huo ulihamia huko na nyumba zake za mistari minyoofu.

Hesabu ya mposho ilikuwa ya kalori. Kampuni iliulisha mwili wa mchimbaji kama ilivyolilisha tanuri la kuyeyushia shaba: weka kiasi hiki, upate kazi kiasi hiki. Sisemi hivyo kwa dharau tu. Hesabu ile iliokoa maisha. Watoto waliokua kambini walikuwa na afya kuliko wengi waliobaki vijijini. Ila ni hesabu isiyo na uzee ndani yake. Mtu aliyeandikishwa alikuwa kijana, amepimwa uzito na kifua, na kazi ya koleo na mawe iliunguza kila tone la mawese aliyokula. Hakuna aliyejiuliza mafuta hayo yatamfanya nini akiwa na miaka 60 na amekaa kitini.

Wakati Katanga ikipima uzito, wengine walianza kupima presha na damu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika kutoka nchi ya Wakisii, magharibi mwa Kenya, kwamba amepima presha za watu wapatao 1,000, na kwamba baada ya miaka 40 presha za wenyeji hazipandi kama zinavyopanda Ulaya, zinaelekea kushuka. Pale Mulago, Kampala, mtaalamu wa maiti J. N. P. Davies alishirikiana na wenzake wa Marekani kulinganisha maiti 632 za Uganda na idadi kama hiyo za mji wa St. Louis, umri kwa umri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1960. St. Louis walikuta makovu ya shambulio la moyo katika maiti 136. Kampala walikuta moja.

Moja! Nadhani hakuna namba iliyofanya kazi kubwa zaidi kuwashawishi madaktari kwamba hapa pana jambo. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kufundisha Makerere, alikaa zaidi ya robo karne kabla ya kuandika, mwaka 1956 pamoja na mwenzake Singh, juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Habari ya mgonjwa mmoja ilistahili kuchapishwa kwenye jarida, jinsi ilivyokuwa nadra.

Wapo waliosema ni damu, yaani ukoo wa watu weusi umekingwa. Jibu hilo liliwapendeza wengi kwa sababu halimtaki mtu afanye chochote. Lakini jibu la kulivunja lilikuwa Kampala hiyohiyo, mitaa michache tu kutoka Mulago. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones waliandika katika jarida la Lancet kuhusu Waafrika na Waasia wa Uganda. Walipima kolesteroli katika damu za makundi hayo mawili. Waafrika walikuwa na kiwango cha chini, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kwao. Waasia, waliokula samli na vyakula vya mafuta, wakakaa dukani kutwa, walikuwa na kiwango cha juu, na moyo ulikuwa miongoni mwa wauaji wao wakubwa. Jua lilikuwa moja, mji mmoja, mbu walewale. Kilichotofautiana ni sahani, kiti na mfuko.

Kongo nayo iliingia katika vitabu hivyo. Mwaka 1962 George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, pamoja na Roels na wenzake, walichapisha uchunguzi wa Wambuti wa msituni: chakula chao, afya zao, mafuta katika damu zao. Kolesteroli yao ilikuwa chini sana. Kisha Mann akaenda kwa Wamasai, na hapo ndipo hadithi ilipopinda. Morani wa Kimasai hunywa maziwa kwa lita na kula nyama. Kwa kanuni iliyokuwa ikikubalika Marekani, angepaswa kuwa na damu nzito kwa mafuta. Mann aliikuta kolesteroli yao iko chini, na kwenye mchoro wa umeme wa moyo hakuona dalili za maana za ugonjwa. Shaper alikuwa ameona jambo linalofanana kwa Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya. Mann akapaza sauti: mafuta ya chakula yamesingiziwa, tazameni miguu ya watu hawa, wanavyotembea.

Tangu hapo Mmasai amekuwa shahidi anayeitwa mahakamani na pande zote mbili, naye mwenyewe hajaulizwa. Mwaka 1972 Mann alichapisha alichokiona katika mioyo ya Wamasai 50 waliokufa: mafuta yalikuwapo ndani ya kuta za mishipa, unene wake ukilingana na wa wazee wa Kimarekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyosonga, hata njia ya damu ikabaki wazi. Watafiti wengine waligundua kwamba mwili wa Mmasai, ukipokea kolesteroli nyingi kutoka kwenye chakula, hupunguza ile unayoitengeneza wenyewe. Kwa hiyo wale wanaomtaja Mmasai ili kuhalalisha sahani ya nyama choma usiku, mbele ya televisheni, baada ya kutwa nzima kwenye kiti cha gari, wamechukua nusu ya ushahidi na kuacha nusu nyingine porini.

Kolesteroli si sumu. Kila chembe ya mwili huihitaji katika ukuta wake. Homoni za uzazi hutengenezwa nayo. Nyongo hutoka humo. Ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa, na chakula huongeza kiasi. Kwa kuwa ni aina ya mafuta, na mafuta hayachanganyiki na damu, husafirishwa ndani ya vifurushi vya protini. Vifurushi viitwavyo LDL huipeleka kwenye chembe. Vile viitwavyo HDL hurudisha iliyozidi kwenye ini. LDL ikizidi na kukaa muda mrefu, hupenya kwenye ukuta wa mshipa, ikanasa, ukuta ukavimba kwa ndani. Miaka hupita bila maumivu. Siku uvimbe ule ukipasuka, damu huganda juu yake, mshipa wa moyo huziba, na kifua hubanwa. Ikitokea kwenye ubongo, ni kiharusi.

Nikolai Anitschkow aliyaona haya kwa sungura huko St. Petersburg mwaka 1913, alipowalisha kolesteroli hadi mishipa yao ikaharibika. Kazi yake ilikaa miaka mingi bila kusikilizwa sana. Jibu la kwa nini mtu mmoja hujaa LDL na mwingine hapana lilitoka Dallas, Texas, katika miaka ya 1970, pale Michael Brown na Joseph Goldstein walipochunguza familia ambazo watoto wao wanapata shambulio la moyo. Waligundua kwamba kwenye ngozi ya chembe za mwili, hasa za ini, kuna vipokezi vinavyoikamata LDL na kuitoa katika damu. Familia zile zilirithi vipokezi vibovu. Brown na Goldstein wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtu mmoja kati ya 250 hivi duniani amerithi ubovu wa aina hiyo, na Lualaba haijapewa msamaha. Kijana mwembamba asiyekula mafuta anaweza kuwa na damu iliyojaa LDL tangu tumboni mwa mama yake.

Dawa ilitoka kwenye ukungu. Mjapani Akira Endo, aliyefanya kazi katika kampuni ya Sankyo, alipima aina zipatazo 6,000 za kuvu akitafuta kitu kitakachozuia ini kutengeneza kolesteroli. Mwaka 1973 alikipata kwenye ukungu wa buluu uliotoka kwenye mchele wa Kyoto. Kutoka hapo zikazaliwa statini. Ya kwanza kuuzwa Marekani ilikubaliwa mwaka 1987. Mwaka 1994 nchi za Skandinavia zilitoa matokeo ya wagonjwa 4,444 wa moyo: kwa waliopewa simvastatini kwa miaka mitano na zaidi, vifo vilipungua kwa asilimia 30. Baada ya hapo ubishi mkubwa ulibaki kwa wasiopenda takwimu.

Sasa turudi Kolwezi, maana wakati Endo akichungulia ukungu wake, mji huu ulikuwa na mambo yake. Union Minière ilinyang'anywa mali zake mwaka 1967, ikazaliwa kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Mposho uliendelea, hospitali za kampuni ziliendelea. Tarehe 8 Machi 1977 askari wa zamani wa Katanga waliingia kutoka Angola. Kapanga ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo walizozishika, na mwezi uliofuata Glen Eschtruth, daktari Mmarekani aliyeongoza hospitali ya Wamethodisti huko, aliuawa. Mwaka uliofuata, Mei 1978, vita vilifika Kolwezi kwenyewe. Nataja haya kwa sababu ya jambo moja la kitabibu ambalo wanahistoria wa vita hawaliandiki. Malaria inatibiwa kwa siku chache. Presha na kolesteroli hutibiwa kila siku hadi kaburini. Huhitaji faili lisilochomwa, duka la dawa lisiloporwa, na daktari atakayekuwapo mwezi ujao. Mahali ambapo daktari anaweza kuchukuliwa asubuhi asirudi, ugonjwa wa miaka 20 hauna mtu wa kuufuatilia.

Kisha kampuni yenyewe ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa mwaka. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mishahara ikakatika kwa miezi mingi. Mwaka 2003, kwa fedha na shinikizo la Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, hiari ambayo watu wa Kolwezi bado huitamka kwa kejeli. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya watoto wa shaba walioachwa na baba yao, yaani kampuni. Ameeleza njaa, aibu ya mwanamume asiye na mposho wa kuleta nyumbani, wake walioshika biashara.

Mimi ningeongeza ukurasa wa daktari. Waliofukuzwa mwaka 2003 wengi walikuwa na miaka 50 na kuendelea. Huo ndio umri ambao mishipa huanza kusema. Mwili uliolishwa kwa hesabu tangu ujana, ukatibiwa bure kila ulipoumwa, ulifika kwenye umri wa kuhitaji kupimwa damu na presha wakati uleule mlango wa hospitali ya kampuni ulipofungwa. Ule moyo waliosema hauugui haukuwa umepewa nafasi ya kuzeeka mbele ya macho yao. Sasa ukapata nafasi hiyo, na wapimaji wameondoka.

Wala si uzee peke yake. Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuata Waluo waliotoka kijijini kwenda Nairobi, wakaona presha zao zinapanda ndani ya miezi tu ya kufika mjini: chumvi zaidi, uzito zaidi, mboga kidogo. Utafiti mkubwa wa INTERHEART, uliohusisha nchi 52, ulikuwa na tawi katika nchi 9 za Afrika kusini mwa Sahara, matokeo yake yakatoka mwaka 2005. Mambo matano, yaani presha, kisukari, sigara, unene wa tumbo na mafuta mabaya katika damu, yalitosha kueleza takriban asilimia 90 ya hatari ya shambulio la moyo la kwanza kwa Waafrika. Ni mambo yaleyale yanayowaua watu wa Ulaya. Hapakuwa na moyo wa Kiafrika wa namna yake.

Kolwezi ya kobalti imeyakusanya yote matano. Wachimbaji wadogo, madalali, madereva wa malori, kampuni mpya. Pesa ya haraka na chakula cha haraka. Pikipiki badala ya miguu. Bia kila kona. Na hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwa kuwa kobalti ina kisa chake na moyo. Katika miaka ya 1965 na 1966, huko Québec, Kanada, chumvi ya kobalti ilitiwa kwenye bia ili povu lisimame vizuri. Wanywaji wakubwa walianza kufika hospitalini mioyo imevimba, na karibu 20 walikufa. Hilo si suala la kolesteroli. Ni msuli wa moyo uliotiwa sumu, kwa watu waliokunywa kupita kiasi na kula kidogo. Ila mji unaokalia kobalti nyingi kuliko popote duniani unastahili kujua kwamba madini haya yamewahi kufika moyoni, na kwamba anayeosha mawe mtoni hana sababu ya kunywa maji yale.

Turudi jikoni. Bukari, yaani ugali wetu, haina kosa ikiliwa kwa kiasi, na unga usiokobolewa ni bora kwa kuwa nyuzinyuzi zake hupunguza kolesteroli inayorudi katika damu. Trowell na mwenzake Denis Burkitt, nao wa Kampala, walijenga jina lao juu ya nyuzinyuzi hizo. Sombe, yale majani ya muhogo, ni mboga njema. Ugomvi ni mawese. Mafuta hayo mekundu hayana kolesteroli hata chembe, na wauzaji wako tayari kukuambia hivyo, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, na hayo hulifanya ini liiache LDL izagae. Upande wa pili, rangi yake nyekundu ni kinga ya macho ya watoto. Kwa hiyo sioni haja ya kuyapiga marufuku; mama anayepikia sombe kijiko kimoja au viwili kwa familia hana deni. Deni liko kwenye sufuria ya kukaangia ya barabarani, mafuta yaleyale kutwa na kesho yake, na kwenye kuku na soseji za kugandishwa zinazochukua nafasi ya maharage kwa sababu maharage yamekuwa chakula cha aibu. Samaki wa thomson, anayedharauliwa kwa kuwa ni wa bei ya chini, ana mafuta yanayoupendelea moyo; mpike kwa mchuzi, usimzamishe. Ndagala, yaani dagaa, vilevile. Na sigara inaharibu ukuta wa mshipa hata kama sahani yako ni ya mtawa.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote katika historia hii hakikutoka kwa Wamasai. Mnamo 2005 na 2006, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas waliripoti kwamba Wamarekani weusi wapatao 2.6 katika kila 100 wamerithi hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9. Protini ya jeni hiyo kazi yake ni kuangamiza vipokezi vya LDL. Ikiharibika, vipokezi hubaki vingi, damu husafishwa. Watu hao walikuwa na LDL ya chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulipungua kwa asilimia 88. Mwaka 2007 watafiti wakaonyesha kwamba hitilafu hiyohiyo iko Zimbabwe, ng'ambo tu ya Zambia kutoka kwetu. Mwanamke mmoja wa miaka 21, aliyerithi kutoka kwa baba na mama, alikuwa na LDL chini ya 20 mg kwa desilita, wakati daktari hufurahi akiona 100. Alikuwa mzima kabisa, na alikuwa amejifungua.

Kwa hiyo wale waliosema kuna kitu katika damu ya Mwafrika walikuwa na chembe ya ukweli ambayo hawakuijua: kwa wachache, kipo kweli. Wengine wote wako sawa na watu wa St. Louis. Makampuni yaliiga hitilafu hiyo, na mwaka 2015 sindano za kuizuia PCSK9 zikakubaliwa Marekani na Ulaya. Bei yake ya mwanzo ilikuwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka. Somo limechotwa katika damu ya watu weusi, na sindano haifiki zahanati ya Kapanga. Sitaki kulifanya jambo hili kubwa kuliko lilivyo, maana kwa wengi wetu si sindano hiyo inayokosekana. Simvastatini iliingia katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani mwaka 2007, na hataza yake Marekani ilikuwa imekwisha mwaka mmoja kabla. Ni kidonge cha bei ya chini. Ukiishusha LDL kwa 39 mg kwa desilita, mashambulio ya moyo na viharusi hupungua kwa takriban moja ya tano, na kadiri unavyoishusha zaidi ndivyo faida inavyoongezeka.

Tatizo la Musumba ni maabara. Kipimo cha kolesteroli kinataka kemikali, umeme na mtu aliyefunzwa, na barabara ya Kapanga wakati wa mvua haipitishi vitu hivyo kirahisi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya ya hatari kwa kanda 21 za dunia, Afrika ya kati ikiwa na yake. Kila kanda ina majedwali mawili: moja la wenye maabara na moja la wasio nayo. Hilo la pili haliulizi kolesteroli. Linauliza umri, jinsia, kama mtu anavuta sigara, presha yake, na uzito wake ukilinganishwa na urefu. Muuguzi mwenye mashine ya presha, mizani na kamba ya kupimia anaweza kumkalisha baba wa miaka 58 na kumwambia uwezekano wake wa kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Ukifika asilimia 20, presha ishughulikiwe na statini ifikiriwe, damu iwe imepimwa au la. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba, na mwenye kisukari aliyepita miaka 40, hao hawahitaji hata jedwali. Wanaandikiwa statini siku hiyohiyo, kama iko kabatini.